Nilivyomfundisha Mchina Kukataa

Kazi ya kwanza niliyonyimwa maishani nilinyimwa na mwanafunzi wangu mwenyewe, na alininyima vizuri sana. Nasema ya kwanza kwa sababu kabla ya hapo sikuwahi kuomba yoyote. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuna watu waliozaliwa na miguu ya kutembea na kuna waliozaliwa na makalio ya kukaa, na Mama husema kwangu Mungu aligawa fungu la pili bila kipimo. Ndugu zangu wote wametawanyika, Nairobi na Eldoret, wanapiga simu Krismasi. Mimi nilimaliza kidato cha nne hapa hapa Isiolo, nikaleta cheti chenye alama nzuri ya Kiingereza na aibu kwa masomo mengine yote, nikaketi kwenye benchi la veranda yetu Kiwanjani ili nipumzike kidogo. Mapumziko hayo bado hayajaisha.

"Hata kuku wangu wanajua njia ya sokoni," Mama hunitania. "Lakini angalau wewe ukipotea hatutasumbuka kutafuta. Tutaanzia kwa benchi, na tutamalizia hapo."

Mchina alihamia nyumba ya ng'ambo ya ua wetu wakati kampuni ya barabara ilipoweka kambi nje ya mji, upande wa kwenda Garbatulla. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye kofia pana ambayo hakuivua hata akiwa ndani. Kazi yake haikuwa ya kuchimba wala kuendesha mitambo. Alikaa katika ofisi ya kontena karibu na geti la kambi, na kila mwenye shida na kampuni alipitia kwake. Aliponiona nimekaa asubuhi, nimekaa mchana, na akirudi jioni bado nimekaa, aliamua kwamba mimi ni mtu mwenye nafasi. Majirani walikuwa na neno lingine.

Kwenye simu yake alikuwa na programu ya kufundisha Kiingereza, iliyotengenezwa kwao kwa ajili ya watu wao, na kila siku ilimpa msemo mpya. Jioni moja alisimama kwenye ua akanisomea ule wa mvua kunyesha paka na mbwa. Akataka kujua kama hapa Isiolo watu huusema.

"Hakuna anayesema," nikamwambia.

"Kwa sababu hakuna mvua?"

"Kwa sababu hakuna mtu anayeongea hivyo. Hata Uingereza kwenyewe sidhani."

"Basi kwa nini iko kwa simu?"

"Ili kuwe na mtihani."

Alicheka mpaka kofia ikasogea. Kesho yake alivuka ua na kiti chake cha plastiki, na mimi nikawa mwalimu.

Paka na mbwa hawakumsumbua sana. Kilichomtesa ni vile vineno vidogo ambavyo Waingereza huvifunga nyuma ya kitenzi, na kitenzi kikageuka kuwa mnyama mwingine. Alijua kwamba "look" ni kutazama. Ukiongeza kineno kimoja, ni kutunza. Ukibadilisha, ni kudharau. Ukibadilisha tena, ni kuchunguza jambo. Alilalamika kwamba anajifunza neno moja usiku na asubuhi analikuta limeoa.

Bahati nzuri wakapita mbuzi wa Mama, na kondoo wa jirani wamejichanganya humo ndani. Nikamuuliza yupi ni yupi. Akaangalia kwa muda mrefu kama mtu anayesaini mkataba.

"Kwetu wote hawa jina moja," akasema.

Mama, aliyekuwa anachambua mboga mlangoni, alikaribia kuanguka. "Mungu wangu! Ndiyo maana wanajenga barabara. Mifugo itawashinda."

"Angalia mkia," nikamwambia. "Ukiwa juu, mbuzi. Ukiwa umelala, kondoo. Usihangaike na mwili." Kisha nikamwambia na vitenzi vya Kiingereza ni hivyo hivyo: mwili unaufahamu tayari, kwa hiyo tazama mkia. Akapiga makofi. Tangu siku hiyo, kila alipokwama aliinua kidole na kuniuliza, "Mwalimu, mkia gani?" Mimi, ambaye sijawahi kuitwa kitu chochote cha maana, nilianza kunyoosha mgongo nikikaa.

Halafu kukatokea mambo ya getini. Vijana kutoka upande wa Garbatulla walikuja kambini kuomba kazi. Walikuwa wametembea, na wengine waliandamana na wazee wao. Mchina akatoka kwenye kontena akawaambia kwa Kiingereza alichokuwa nacho: "No. No work. Go." Na akapunga mkono, vile mtu anavyofukuza mbuzi kwenye sukuma wiki. Hawakupigana naye. Walienda tu wakaketi katikati ya barabara, wazee mbele, na mitambo ikasimama kutwa nzima mpaka chifu akaja.

Jioni alivuka ua bila kiti. "Mwalimu," akasema, "sikusema uongo. Kazi hakuna. Kwa nini wanakasirika?"

"Hawakukasirikia kazi," nikamwambia. "Wamekasirikia mkono."

Akauangalia mkono wake. Kisha akaniambia mambo mawili. La kwanza, alitaka nimfundishe kukataa. La pili, wakubwa wake walikuwa wamechoka na mambo ya barabarani, na wangetafuta mkalimani wa kusimama kati ya kampuni na wananchi, aketi pale kambini kila siku. "Mtu wa hapa," akasema.

Mtu wa hapa. Niliangalia kulia, nikaangalia kushoto. Kwenye benchi nilikuwa peke yangu.

Sitajifanya kwamba sikuitaka ile kazi. Niliitaka kwa njia ambayo sijawahi kutaka kitu. Gari la kambi lilipita mbele ya geti letu kila asubuhi. Ningepanda bila hata kuvuka barabara. Ningekuwa na mahali pa kukaa ambapo kukaa kwenyewe ni kazi. Nami nilijua Kiingereza, Kiswahili, Kiturkana cha nyumbani, na Kiborana cha kutosha kusalimia na kuomba msamaha. Mama aliposikia akanyamaza, na Mama hanyamazi. Jumamosi alienda kwenye mitumba akarudi na shati jeupe. Huyu ndiye mama aliyekuwa ameapa hatanunua tena nguo ya kukalia benchi.

Kwa hiyo nilifundisha kwa bidii ya mtu anayejijengea.

Kukataa hakukuwa kwenye simu yake. Mwalimu wa kweli wa somo hilo alikuwa Mama, na somo lilikuja lenyewe siku moja kwa miguu. Alikuja binamu yake kutoka Oldonyiro, mzee mwenye fimbo na vumbi mpaka kwenye nyusi, kuomba mbuzi jike wa kuanzia upya. Ukame ulikuwa umemmaliza. Mchina alikuwa kwenye kiti chake, na nikamwambia atulie aangalie.

Mama alianza na chai. Chai ikiwa mkononi, akauliza mvua ya Oldonyiro. Akauliza mifugo kama iko salama, bila kuuliza ni mingapi, maana hilo haliulizwi. Akauliza watoto, magoti, na barabara. Mzee alipokuwa ameeleza yote, akasema shida yake. Mama hakujibu. Alisubiri mzee anywe, ameze, ashushe kikombe. Ndipo akaanza kuhesabu matatizo yake mwenyewe, nikiwemo mimi, na mwisho akasema, "Ndugu yangu, tutaona."

Mzee akashukuru. Akamaliza chai, akaongezewa, akaondoka akiwa ameinua kichwa.

"Amesema hapana?" Mchina akaninong'oneza.

"Hajasema."

"Lakini mbuzi amepewa?"

"Hapana."

Uso wake ulifunguka. Nimewahi kuona watu wakiokoka kanisani na sura zao hazikuwa na mwanga ule. Akatoa simu, akaniomba nimpe Kiingereza chake chote, kutoka chai mpaka tutaona.

Nikampa. Nilimpa "look into it", kwamba tutalichunguza. Nilimpa "bear with us", mtuvumilie. Na ile tamu kuliko zote, ya maofisi yote duniani: "I'll get back to you", nitakurudia. Nikamweleza kwamba anayesikia hiyo ya mwisho huenda akasubiri mpaka mvi, lakini hataketi barabarani. Akarekodi sauti yangu, awe anasikiliza asubuhi ndani ya gari. Nilirekodi mara nyingi, kwa sauti ya redio, mgongo umenyooka.

Kila jioni tulifanya mazoezi. Mimi nilikuwa mwananchi, yeye alikuwa yeye. Jirani yetu muuza miraa, mama Mmeru mwenye mdomo usio na breki, aliegemea ua akitazama kama sinema.

"Muga, walimu!" angetusalimia kwa Kimeru. "Leo nani ananyimwa?"

"Mimi," ningesema.

"Sawa. Umenyimwa na Mungu, umenyimwa na serikali, sasa umeanza kunyimwa bure nyumbani kwenu kwa mazoezi!"

Alikuwa mwanafunzi mzuri, huyu Mchina. Mwanzoni aliharakisha chai. Mara nyingine aliuliza mvua kabla hajasalimia, nikamrudisha mwanzo. Jambo gumu zaidi kwake lilikuwa kile kituo, kungoja mtu ameze. Alikuwa anamwambia mtu maneno chai ikiwa bado mdomoni. "Akipaliwa atakulaumu," nilimwambia. "Ngoja koo lishuke." Akajifunza kutazama makoo.

Na ilifanya kazi, hapo ndipo penye uchungu. Lori la kambi lilivunja bomba la maji la watu fulani kule nyuma ya uwanja wa ndege. Wakaenda ujumbe mzima, wamekasirika, wameshika kipande cha bomba kama ushahidi. Jioni walipita kwetu kuja kunipongeza, kwa kuwa habari ya masomo ilikuwa imeenea.

"Huyo Mchina wako amelelewa," mkubwa wao akaniambia. "Ametupa chai ya maziwa. Ameuliza mpaka ngamia."

"Na bomba?"

"Amesema atalichunguza."

Wote walionekana wametosheka. Wanawake wao waliendelea kuteka maji kwa jirani wa mbali, na mimi kwenye benchi nilivimba kwa sifa. Niliona ni ushahidi kwamba nafaa. Nilisema moyoni, wakubwa wakiona jinsi geti lilivyotulia, watauliza nani amefanya hivi.

Siku niliyokwenda kuomba kazi nilivaa lile shati, nikachukua cheti ndani ya bahasha, nikapanda bodaboda mpaka kambini. Mama Miraa alinipigia vigelegele njiani, akasema leo ng'ombe ametoka zizini.

Mchina alinipokea mlangoni mwa kontena kwa mikono miwili. Akanikalisha. Akanipa chai ya maziwa, sukari nyingi, vile Mama anavyoipika. Nikafikiri, hii ni heshima ya mwalimu.

"Mvua vipi Kiwanjani?" akaniuliza.

Sasa, mimi na yeye tunatenganishwa na ua wa miti mikavu. Wingu likipita kwangu limepita kwake. Angenyeshewa yeye kabla yangu, maana paa lake linavuja. Mtu mwerevu angeinuka hapo hapo akaomba bodaboda ya kurudi. Mimi nikajibu kwamba mvua bado, lakini mawingu yapo.

"Mbuzi wa Mama wako salama?"

Alikuwa amewatupia majani ya kabeji asubuhi ile ile. Nikasema wako salama.

Akauliza magoti ya Mama. Nikaeleza magoti. Kisha nikatoa bahasha, nikaeleza shida yangu, na nikanywa chai, kwa sababu mdomo ulikuwa mkavu. Yeye hakujibu. Alikuwa ananiangalia hapa, chini ya kidevu. Alikuwa anangoja nimeze.

Nikameza.

Akasema yote matatu, kwa mpangilio wake: watalichunguza, atanirudia, tafadhali niwavumilie. Mkia wa kila kitenzi ulikaa mahali pake. Sauti ilishuka mwishoni vile nilivyomfundisha, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Nisimsingizie: kabla moyo haujaanza kuuma, ule ualimu ndani yangu ulimpa alama zote.

Hakunitazama machoni. Alitazama kikombe, akauliza kama niongezewe. Nikaongezewa.

Nyumbani Mama alikuwa mlangoni, hajifanyi hata kuwa na kazi.

"Wamesemaje?"

"Atanirudia."

"Alikupa chai?"

"Alinipa."

"Akauliza mvua?"

"Aliuliza."

Mama akageuka akaingia jikoni. Sauti yake ikatoka huko, bila utani ndani yake. "Vua hilo shati, baba, lisichafuke."

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba yeye mwenyewe husema tutaona, na tutaona yake haijawahi kuwa uongo. Akatoka na mwiko mkononi.

"Yangu ni deni," akasema. "Nikimwambia mtu tutaona, usiku nalala nikijua kuna mtu Oldonyiro analala akiningoja. Hiyo sehemu ulimfundisha?"

Sikuwa nimemfundisha. Haikuwa na Kiingereza. Au labda iko, lakini mimi sikuijua, na yeye hakuuliza, maana alichohitaji kilikwisha pale mzee alipoinua kichwa na kuondoka. Kwetu kila mtu anajua sehemu ya pili bila kuambiwa, ndiyo maana hakuna anayekumbuka kuisema. Tulimpa Mchina mlango tukasahau kumwambia kwamba nyuma yake kuna nyumba.

Hata hivyo nilingoja. Nilikuwa na vifaa vyote vya kungojea: benchi, ua, na jirani. Lakini yeye alianza kurudi giza likishaingia, na kiti chake cha plastiki kikabaki upande wake, kimeegemezwa ukuta. Tukionana alipunga mkono na kusema, "Mwalimu!" kwa furaha iliyozidi, kisha akaingia ndani haraka. Baadaye nikasikia mkalimani amepatikana, binti kutoka Nairobi aliyesomea Kichina chuoni. Sina neno naye. Ana karatasi ambazo sina, na anastahili. Kwamba wakubwa walitaka mtu wa chuo, angeweza kuniambia juu ya ua kwa pumzi moja. Hicho ndicho ninachokitafuna mpaka leo. Angenipungia ule mkono wa zamani, angesema "No work, go," ningemtukana, ningeenda kulala, asubuhi tungeendelea kuwa majirani. Ile hapana ya kishenzi aliyokuja nayo ilikuwa na kitu kimoja ambacho nilikikwangua mimi mwenyewe, jioni baada ya jioni, nikidhani namfundisha adabu: ulikuwa unajua uko wapi.

Mvua ilikuja hatimaye, bila paka na bila mbwa. Majani yakaota, mbuzi wa Mama wakazaa. Kabla watoto hawajaacha kunyonya vizuri, Mama alikuwa amempigia simu binamu yake. Mzee wa Oldonyiro akaja na fimbo yake ile ile. Safari hii hakuomba kitu. Alikunywa chai, akaeleza mvua, na alipoinuka Mama alimwekea kamba mkononi, mbuzi jike mwekundu upande wa pili wa kamba. Hawakushukuriana hata. Kwa upande wa pili wa ua, mlango wa jirani ulikuwa umefungwa. Nilitamani angekuwepo aone, halafu nikajiuliza angeona nini. Labda angeniuliza ni mbuzi au ni kondoo.

Siku chache baadaye muuza miraa alirudi kutoka kambini, ambako madereva humnunulia, akaja moja kwa moja kwenye benchi langu na kuketi, jambo ambalo hafanyi.

"Leo nimekusikia kazini," akasema.

"Mimi? Sijatoka hapa."

"Najua hujatoka, nani asiyejua? Lakini nimekusikia. Kuna Wachina wapya wameletwa. Wamewekwa kwa kontena, simu iko katikati ya meza, wewe uko ndani ya simu. Unasema, nao wanasema. Unasema, nao wanasema. Kama katekisimu."

"Nasema nini?"

"Mimi najua Kizungu? Ni ile ile yenu ya jioni. Ile ya kurudiana."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Nilimngoja acheke, kwa sababu ilikuwa inachekesha, hata mimi niliiona. Miaka yote amenisukuma nitoke nyumbani, na sasa sauti yangu ilikuwa imetoka bila mimi, ikapata kazi, ikapewa meza. Hakucheka. Alifuta mikono kwenye leso na kutazama upande wa kambi.

"Na watu getini?" nikamuuliza muuza miraa.

"Wako. Wengi. Wanakunywa chai."

Nikamuuliza, kwa kuwa sikuwa na swali lingine, kama sauti yangu ilikuwa inasikika vizuri.

"Vizuri kabisa," akasema. "Mpaka huko nje getini."